Maziwa Niliyoshindwa Kuyakataa

Salima, mama yangu,

Umekwenda kuaga rafiki zako kule Mangobo, na najua kila nyumba watakushika mkono wakulazimishe kula, kwa hiyo hutarudi sasa hivi. Mama mdogo wako Asha yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba, anavyolikaza utadhani ndani mna mwizi. Nimemwambia kichwa kinaniuma, aniache nipumzike. Nimemdanganya. Nimekaa mezani nakuandikia, na utaikuta barua hii chini ya mto wako. Isome leo kabla hujalala, usingoje boti. Nina sababu yangu, utaiona mwishoni.

Mambo ya chandarua, ya kutolala karibu na ukingo wa boti, ya kumsalimia tonton, mjomba wako, kwa adabu hapo utakapofika Kinshasa, nimeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kunimalizia maneno mdomoni. Siyarudii. Nakuandikia kwa ajili ya jambo moja tu ulilolisema juzi tukikunja nguo. Ulishika ile khanga yangu ya zamani ukasema, "Mama, nitaenda namna gani? Ni miye niliharibu mafigo yako, na sasa nikuache?"

Nami nikakujibu nini? "Acha upuuzi, niletee sufuria." Ndivyo nilivyo, unanijua. Moyo wangu ukipigwa, naagiza sufuria. Ulileta sufuria, ukainama, na nikaona machozi yanadondoka juu ya mfuniko, nami nikajifanya natafuta mwiko. Tangu juzi neno lako halijaniacha. Nikikaanga, lipo. Nikiswali, lipo. Sitaki upande boti na mzigo huo, kwa sababu si wako, na aliyekuacha uubebe ni mimi mama yako.

Tuanzie mbali kidogo. Unakumbuka nilivyoanza kukohoa. Nilisema ni moshi wa jiko, maana nani anakaanga mikate, maandazi ya kuuza, kila alfajiri hapa Kabondo asikohoe? Kisha nguo zikaanza kunipwaya. Kisha uchovu, ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala. Wateja wangu wakaanza kuniangalia kwa huruma, na mimi huruma ya wateja naichukia, inapunguza njaa yao. Tulipokwenda hospitali, picha ya kifua ikaonyesha matezi yamevimba karibu na mapafu. Makohozi yalipimwa mara mbili, hayakuonyesha kitu. Lakini hapa kwetu, mtu akikohoa, akikonda, na picha yake iwe vile, watu wanajua jina moja tu: TB. Wakanipa dawa za TB. Siwalaumu. Ningekuwa daktari, nami ningesema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa.

Na wewe, mtoto wangu, ulikuwa na nafasi yako Kinshasa mwaka ule, shule ya mambo ya maabara uliyoililia tangu sekondari. Ukasema hutakwenda kumwacha mama mgonjwa. Nilikugombeza, lakini moyoni nilishukuru. Ona sasa, nimeshaanza kusema ukweli.

Basi ikaanza ile kazi ya kunijenga. Unajua desturi ya hapa: haendi mtu kumwona mgonjwa mikono mitupu, na hasa mgonjwa wa kifua anapelekewa maziwa. Ya unga, ya kopo, hata ya kuazima. Kila aliyeingia aliweka kopo lake juu ya kabati, akakaa, akauliza, "Unakunywa kweli?" na mimi nikasema, "Nakunywa sana." Na wewe ukayasimamia kama nesi mkuu. Kikombe cha asubuhi, kikombe cha magharibi. Ukanipikia ndakala, wale samaki wadogo wakavu, nile na mifupa yake yote kwa sababu mifupa inajenga mifupa. Kila asubuhi ulinitoa nje na kiti changu nikae juani nipate nguvu. Na ulipoanza kusuka watu nywele pale barazani, pesa yako ya kwanza hukununua kiatu, ulininunulia vichupa vya vitamini, vile unavyokata shingo na kumimina kwenye kijiko. "Mama, huyu muuza dawa alisema iko muzuri kwa mifupa." Nikafungua kinywa kama kifaranga.

Salima, yale maziwa hayakunipenda tangu kikombe cha kwanza.

Hilo sikuwahi kukuambia. Nilikuwa nayanywa huku tumbo linakataa. Ukigeuka tu, nilikwenda nyuma ya choo kuyatapika. Kisha nikawa na kiu, kiu gani ile, ya kuamka kunywa maji na kuamka tena kuyatoa, mpaka nikafanya njia kwenye majani ya uani. Choo kikubwa kikafunga. Kichwa kikaanza kuteleza. Siku ile niliyotia chumvi mahali pa sukari kwenye unga, wateja wakarudisha mikate, wewe ukacheka ukasema, "Mama umeanza kuzeeka," nami nikacheka na wewe. Sikuzeeka. Nilikuwa nasahau jina la mtaa wetu. Nilikuwa nasimama mbele ya jiko nikijiuliza nimekuja kufanya nini. Nikaogopa, Salima. Niliogopa sana, na sikusema.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu kila ulipoleta kikombe uliniuliza, "Mama, inakupa nguvu?" na macho yako yalikuwa yanasubiri. Ningewezaje? Mtoto ameacha shule yake, anasuka vichwa vya watu mpaka vidole vinavimba, nimwambie zawadi yake inaniumiza? Nikasema, "Inanipa nguvu, mwanangu." Hapo ndipo uwongo ulipozaliwa, na uliuchukua ukaufanyia kazi. Uliongeza kikombe cha tatu.

Na kuna jambo baya zaidi. Yule daktari wa kwanza, wakati kiu ilipozidi, alidhani ni sukari. Akapima, sukari hakuna. Akakuna kichwa, akaniuliza, "Mama, kuna kitu kingine unatumia nyumbani?" Ulikuwa nje unatafuta maji ya kunywa. Nikasema, "Hapana." Sikusita hata kidogo. Niliogopa atakugombeza kwa vile vichupa ulivyonunua bila karatasi ya daktari. Na maziwa, nilijiambia, maziwa si dawa, ni chakula. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mimi sikuficha maradhi. Niliificha zawadi. Hilo wazee hawakuniambia.

Ndipo ikaja ile siku ya maumivu ya ubavu. Sina haja ya kukukumbusha, wewe ndiye uliyenishika kwenye pikipiki, mimi nikilia kama ninazaa. Jiwe lilikuwa linashuka kutoka kwenye figo. Na damu ilipopimwa, wakasema figo zenyewe hazichuji sawasawa tena. Tukapelekwa kwa yule daktari mwanamke, mfupi, mwenye miwani inayomshuka puani. Ninamkumbuka kwa sababu hakuanza na karatasi. Alivuta kiti akakaa karibu yangu.

"Mama, unatumia dawa gani ingine?"

"Hakuna, docteur."

Akaniangalia. Akaweka kalamu chini.

"Bon. Tuache dawa. Naulizia zawadi. Batu wanakuletea nini?"

Mimi nikaangalia ile kalamu. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, ukajibu kwa fahari, maskini mtoto wangu, kama mtu anayesoma matokeo mazuri ya shule: "Maziwa, docteur, mara tatu kwa siku. Na ndakala na mifupa yake. Na kila asubuhi namutoa ku jua. Na vitamini hii, nilinunua miye mwenyewe." Ukafungua mkoba ukamwonyesha kichupa.

Hakukugombeza. Alikichukua, akasoma, akasema polepole kwamba pengine si TB kabisa. Kuna ugonjwa unaoitwa sarkoidozi, haumwambukizi mtu, wala hakuna anayejua vizuri unakotoka. Mwili unajitengenezea vinundu vidogo vidogo ndani, kwenye matezi, kwenye mapafu, na wakati mwingine kwenye figo zenyewe. Vinundu hivyo vinachukua vitamini ya jua na kuikoleza kupita kiasi, na mwili unavuta kalsiamu ya chakula bila kipimo, damu inajaa, na figo zinazama katika kuitoa. Kwa mtu mwingine maziwa ni chakula. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu yanaweza kuwa mzigo. Na jua pia, na vile vichupa hasa.

Sikumsikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nakuangalia wewe. Nilikuona unafunga mkoba, taratibu, na mkono wako ukabaki juu ya zipu. Uso wako ule sitausahau. Nilitaka kusema kitu. Nikamwomba daktari maji.

Yaliyofuata uliyaona. Walinikata kipande kidogo cha tezi hapa shingoni, kikapelekwa mbali kusomwa, tukangoja mpaka nikaanza kuamini kimepotea njiani. Jibu lilipokuja likamtetea daktari wetu. Nikaanza vile vidonge vya prednisoloni, uso ukavimba, nikawa na njaa ya askari na hasira ya nyuki, nikakutukana kwa sababu ya kijiko. Nisamehe kijiko kile. Lakini kiu ilipungua. Kichwa kikarudi. Nilikumbuka jina la mtaa, nikalitamka peke yangu nikikaanga, watu wakadhani nimerukwa na akili kweli.

Na daktari alisema jambo ambalo hukulisikia, au ulilisikia ukalikataa. Alisema hata bila maziwa ugonjwa huu ungeweza kupandisha kalsiamu na kugusa figo. Maziwa yaliongeza tu moto uliokwisha kuwaka. Ulikuwa umeshaamua kwamba ni wewe. Unapenda kuamua haraka, kama marehemu baba yako.

Sasa nakuja kwenye lile ninaloogopa kuliandika. Nimesimama mara mbili kuangalia mikate jikoni, haikuwa na haja ya kuangaliwa.

Unakumbuka daktari alipoanza kunipunguzia vidonge, damu ilikuwa nzuri, nawe ukaanza kutengeneza safari yako tena? Boti ilikuwa imepatikana. Tonton alikuwa anakungoja. Tukaenda kupima mara ya mwisho, na kalsiamu ikawa imepanda tena, na figo zimerudi nyuma. Vidonge vikaongezwa. Boti ikaondoka bila wewe. Na wewe ukachunguza jikoni nzima. Ulisema lazima ni unga wa ndakala ulioutia wewe kwenye mboga ya sombe bila kufikiri. Ukautupa unga wote, ukaosha hata sufuria. Ulilia huku unaosha, na uliniambia, "Mama, nimekuharibu tena."

Haukuwa unga wako, Salima. Yalikuwa maziwa ya Mama Furaha.

Jirani yetu huyu, unajua moyo wake. Tangu alipohamia kutoka Bukavu hajapitisha siku bila kuuliza hali yangu. Alikuwa anakuja wewe ukiwa sokoni, na chupa yake ya chai, ndani maziwa ya moto yenye sukari na tangawizi. Anakaa kwenye kigoda, ananimiminia, ananitazama. Mara ya kwanza nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Lakini wewe umezaliwa hapa, unajua maana yake. Mtu akikataa chakula cha jirani, tena mbele ya jirani, amesema nini? Amesema, nakuogopa. Amesema, mkono wako una kitu. Siku ya pili mtaa mzima umesikia kwamba Mama Salima anamwita Mama Furaha mchawi. Mwanamke ambaye kwao hawezi kurudi kwa sababu ya vita, hana ndugu hapa mjini, nimfanyie hivyo? Nikanywa. Nikajiambia, kikombe kimoja. Kesho yake akaja tena, nikajiambia, cha mwisho. Nilifanya hivyo mpaka kipimo kikatusema.

Na nilipokuona unaosha sufuria ukilia, sikufungua mdomo. Nilikaa kwenye kiti changu kivulini nikakuacha uamini ni unga wako. Kwa kuona haya. Kwanza niliona haya kumkataa jirani, halafu nikaona haya kukuambia kwamba nilishindwa kumkataa. Haya ya pili ndiyo mbaya. Ya kwanza iliniumiza figo. Ya pili ilikuumiza wewe, na ilikulia mwaka mwingine wa shule.

Nimeandika. Imetoka. Unaweza kunikasirikia. Ukitaka kupiga mlango, piga, lakini taratibu, bawaba ya juu imelegea.

Nataka ujue pia jinsi nilivyoacha, maana hilo nalo hulijui. Wiki ile ile boti ilipoondoka, Mama Furaha akaja na chupa yake. Akamimina. Nikatazama kile kikombe, moshi unatoka, nikauona uso wako wa siku ile ulipofunga mkoba. Nikasema, "Mama Furaha, hapana. Sinywi."

Alifunga chupa yake. Kisha akasimama.

"Mama Salima, kama unaona miye niko mulozi, sema tu. Usinizungukie."

Nilimshika kitenge asiondoke. Nikamwambia yote, matezi, kalsiamu, kiu, kunywa kwangu na kutapika kwangu, boti iliyoondoka. Nilisema ovyo, bila mpangilio, nikilia na kamasi. Alirudi kukaa. Akaiangalia chupa yake kama nyoka.

"Yesu wangu! Kumbe nilikuwa nakunywesha mateso kila siku!"

"Hukujua."

"Na weye ulijua! Mwanamuke weye, Mungu alikupa mudomo ya nini? Ya kuita wateja tu?"

Akanipiga begani, Salima, akanipiga kweli, halafu akanikumbatia. Tulilia mpaka mbuzi wake akaja kunusa kikombe, akanywa yale maziwa yote, hakuumwa chochote, mshenzi yule. Tangu siku hiyo Mama Furaha ananiletea maji. Umemwona na lile dumu lake la maji ya kuchemsha, ulidhani ni wema wa kawaida. Anakaa kwenye kigoda kile kile, ananimiminia, ananitazama, na siwezi kumdanganya hata funda moja. Mwezi wa Ramadhani, nilipokuwa najificha nyuma ya pazia nisionekane nakunywa mchana, ni yeye Mkristo aliyenifuata akasema, "Imamu wenu mwenyewe alikuambia mugonjwa hafungi. Sasa unamuficha nani, Mungu?" Nikatoka nje nikanywa.

Miezi yote ile niliyodhani nalinda heshima yake, sikuwa nalinda kitu. Urafiki wetu ulianza siku nilipomkataa. Kabla ya hapo alikuwa anamtembelea mwanamke mwingine, mpole, asiyekuwepo.

Nakuambia haya kwa sababu unakwenda kufanya kazi na damu na mikojo ya watu. Utakaa upande ule mwingine wa meza. Watakuja wanawake kama mimi, utawauliza wanatumia nini, watakuambia hakuna kitu. Wengi hawatakuwa waongo. Watakuwa wanamkinga mtu. Nyuma yao atakuwa amesimama binti, au mume, au jirani, na mapenzi yake kwenye mkoba. Waulize kama yule daktari alivyoniuliza. Na ukimpata huyo mwenye mkoba, kabla hujaeleza mambo ya figo, mwambie kwanza: hukukosa. Mwambie mapema. Mimi nimechelewa kukuambia, na nimeona kuchelewa kunavyofanya kwa mtoto.

Basi nakuambia sasa, kwa mkono wangu. Hukukosa, Salima. Ulinipa ulichoamini ni uhai. Mwenye kujua kwamba si uhai alikuwa mmoja tu, ni yule aliyekuwa anatapika nyuma ya choo, na yeye ndiye aliyenyamaza. Tena sikiliza: kama usingekuwepo kumwonyesha daktari kile kichupa, ningesema "hakuna" mpaka kaburini. Ni mdomo wako ulioniponya, ule ule unaosema umenivunja.

Hali yangu unaijua, sitaipamba. Figo hazijarudi zote, na daktari hakuniahidi kwamba zitarudi. Huenda zikakaa hivi miaka mingi, huenda siku moja zikachoka. Vidonge sitaviacha kwa ghafla, najua hatari yake, Asha amehama kwake Yanonge kwa ajili ya kunisimamia na unajua ukali wake. Jiko nimelihamishia chini ya bati, jua halinifikii. Na nakupa ahadi moja, sijawahi kumpa mtu yeyote: ukipiga simu ukaniuliza, "Mama, uko namna gani?" nitakujibu jinsi nilivyo. Kama kiu imerudi, nitasema imerudi. Nawe usiposadiki jibu la kwanza, niulize mara ya pili. Sitakasirika. Bon, nitakasirika kidogo, lakini nitajibu.

Nataka nawe unipe ahadi hiyo hiyo. Maana Mama Furaha, siku ile tulipomaliza kulia, aliniambia jambo. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mutoto wako iko kama weye tu," akasema. Akaniambia kwamba tangu walipohamia, ile mikate yangu ya ndizi mbivu ninayokutilia kila asubuhi kwa mapenzi, ile ninayojisifia mtaa mzima kwamba Salima wangu haendi popote bila kuila, unawapitishia watoto wake kwenye tundu la ua. Miaka yote hiyo! Na mimi kila asubuhi nikikuuliza, "Ni mitamu?" na wewe, "Mitamu sana, Mama."

Aka! Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikacheka peke yangu mpaka mafuta yakaungua. Mtoto ameyanyonya kwangu, nimlaumu nani?

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, pale bandarini, mbele ya Asha, na Mama Furaha, na wapagazi, na watu wote wa boti, nitakupa mfuko wa mikate ya ndizi. Nimekwisha kuikaanga, ni mingi. Nitakuangalia usoni nikuambie, "Chukua, mwanangu, nimekutengenezea mwenyewe." Na macho yangu yatakuwa yanasubiri, kama yalivyokuwa yako. Nataka uniangalie useme, "Mama, hapana. Siipendi." Sema kwa sauti, nisikie mimi, wasikie na wao.

Chini ya kabati, kwenye sufuria ile ya mfuniko uliyoililia juzi, nimekukaangia mingine isiyo na ndizi. Nitaifunga khangani na kuja nayo. Hiyo utaipata ukishasema.

Mama yako,
Zaina